Kwa Miguu ya Darasa la Kwanza

Anayeijua Kimara kwa kuchungulia dirishani mwa basi bado hajaijua. Barabara ya Morogoro inapita juu mgongoni mwa kilima, pana na iliyosawazishwa, na kinachoonekana pembeni ni maduka ya nondo na mabati, vituo vya mafuta, mabango ya makanisa na magodoro yaliyosimamishwa nje kungoja mnunuzi. Kimara ya watu iko chini. Iache lami kwa hatua mia mbili tu, upande wa kusini, na ardhi inakatika ghafla. Unaanza kuteremka katikati ya kuta za nyumba, kichochoro hadi kichochoro, mpaka unafika bondeni ambako kijito cha maji ya kijivu kinatafuta njia ya kwenda kuungana na Msimbazi.

Huko chini ndiko inakoanzia safari ya shule.

Nilifika alfajiri, mwezi wa Julai, wakati ambapo Dar es Salaam haioni jua mpaka saa kumi na mbili na nusu ipite. Giza lilikuwa bado zito. Nilikuwa na tochi, daftari na futi kamba ya mafundi. Nilitaka kujua jambo dogo tu: mtoto wa miaka saba anaweza kutoka kwao bondeni, akapanda mpaka barabara kuu, akaivuka, akafika darasani kwa miguu yake mwenyewe bila kutegemea bahati? Mjumbe alikuwa amenitambulisha jioni iliyotangulia kwa mama wa watoto ambao ningeongozana nao, maana siku hizi mtu mzima haandamani na watoto wa watu bila kujulikana. Ni vizuri hivyo.

Mama alikuwa amechuchumaa mlangoni, kanga kifuani, akimfunga mdogo kamba za viatu. Ndani mlinukia chai ya tangawizi na moshi wa mkaa. Watoto ni wanne: dada mtu wa darasa la sita, mdogo wake wa darasa la kwanza, na wavulana wawili wa nyumba ya jirani, mmoja la tatu na mwingine la nne. Kila mmoja ana begi mgongoni. Wavulana wamebeba vidumu vya maji vya lita tano, dada mtu ana fagio la chelewa kwapani. Mdogo hakubebeshwa kitu, lakini begi lake peke yake lilikuwa limemfunika mgongo wote na kumgonga nyuma ya mapaja kila alipopiga hatua.

"Shikamoo anko," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo."

"Mkifika juu mshikane mikono," mama akasema. Kisha akamgeukia mkubwa: "Na wewe usimwachie."

Akaingia ndani kujiandaa. Naye anauza chakula Kariakoo, na sufuria zake zilikuwa zinamsubiri.

Daraja la kijito hicho ni nguzo ya umeme iliyochakaa, imelazwa kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake zimepigiliwa mbao mbili. Futi kamba ilinipa sentimita 41 za upana. Hakuna cha kushika. Chini, maji ya Julai ni haba, yananuka sabuni ya kufulia na taka zilizooza, lakini kwenye ukuta wa nyumba ya jirani masika yameacha mstari wa tope mkavu unaofika kwenye paja la mtu mzima aliyesimama juu ya daraja lenyewe. Wavulana walivuka bila kutazama chini, vidumu vikiyumba. Mdogo alivuka kwa ubavu, mguu mmoja ukiusukuma mwingine, na dada yake nyuma amemshika begi.

"Mvua ikinyesha usiku hatuendi," yule wa darasa la nne akaniarifu, kama mtu anayesoma ratiba.

Baada ya daraja ni kupanda. Wakazi wamechanga wakajaza viroba vya mchanga na kuvipanga kuwa ngazi, kazi ya mikono mingi na fedha kidogo. Vingine bado vimekaa sawa, vingine vimepasuka na mchanga wake umeshateremka bondeni zamani. Mabomba ya maji ya plastiki yanakatiza ngazi kwa urefu wa kifundo cha mguu, mengine yanavuja, na pale yanapovuja udongo mwekundu umekuwa utelezi hata kiangazi. Nilihesabu vidato 64. Nilipima kimoja nilichoona kirefu kuliko vingine: sentimita 38 kutoka chini hadi juu. Halafu, kwa idhini yake na kwa vicheko vya wenzake, nikapima goti la yule wa darasa la kwanza. Sentimita 33.

Kwa hiyo hapandi ngazi hiyo. Anaikwea. Anaweka kiganja kwenye kiroba cha juu, anaupandisha mguu wa kulia, anavuta begi, kisha mguu wa kushoto unafuata. Kiganja kinatoka kimejaa tope, na tope hilo anakwenda kulifuta kwenye sketi ya bluu kabla dada hajaona. Dada huwa anaona.

Tukiwa katikati ya kilima nikasimama kuvuta pumzi. Watoto hawakusimama. Kutoka pale unaona bonde zima: taa chache za umeme, mabati yaliyoanza kupata rangi, moshi wa majiko umelala chini kwa sababu hapakuwa na upepo. Adhana ilikuwa imekwisha. Kunguru wa Dar es Salaam walikuwa wameanza kelele zao. Na kwenye kila kichochoro, mbele na nyuma, kulia na kushoto, mashati meupe yalikuwa yanapanda. Sikuwa nimetarajia wingi ule. Michango ya lazima ya shule za msingi za umma ilishaondolewa mwaka 2016, madarasa yakajaa, na kila mtoto aliyeongezeka darasani aliongezeka pia njiani, ila njia zilibaki zilezile.

Sehemu kubwa ya mitaa hii ilijengwa kabla ya kupimwa. Mtu alinunua kipande chake, akajenga, akazungushia ukuta, na kilichobaki kati ya ukuta wake na wa jirani ndicho kikaitwa njia. Wapimaji walikuja baadaye. Bikoni nyingine utazikuta zimesimama katikati ya mapito, zege nyeupe yenye namba, urefu wa kutosha kumkwaza mtu. Watoto wanazijua zote. Nilimwona wa darasa la tatu akiiruka mojawapo gizani bila kukatisha hadithi aliyokuwa anasimulia, ya mbwa aliyeiba nyama jikoni kwa mtu.

Ngazi zinaishia kwenye barabara ya zege. Ni barabara nzuri, lazima niseme. Imemwagwa kwa unene wa kuridhisha na kuchanwa mistari ili matairi yashike kwenye mwinuko, na kabla yake magari yalikuwa hayapandi huku wakati wa mvua. Kuta zimeibana pande zote mbili, na pembeni kuna mtaro wa maji ulioenda chini sentimita 80. Mtaro ulikuwa na mifuniko. Baadhi bado ipo. Mingine imevunjika kwa uzito wa malori ya mchanga, na mingine imebaki fremu tupu, nondo zake zimechomolewa, nadhani zimeshapimwa kwenye mizani ya wanunuzi wa chuma chakavu. Mtoto akitembea pembeni anatembea juu ya mifuniko hiyo: miwili mizima, mmoja hakuna, mmoja mzima, mitatu hakuna.

"Gari!"

Aliyesema ni wa darasa la tatu. Mimi sikuwa nimesikia kitu. Kabla sijageuka, wanne wote walikuwa wameshabandika migongo ukutani, visigino kwenye ukingo wa mtaro, na mkono wa dada mtu ulikuwa umeshapita kifuani mwa mdogo wake. Ndipo taa zikatokea kwenye kona. Lilikuwa basi dogo la shule, la manjano, limejaa watoto wengine waliovaa sweta za kijani, wengi wamelala, paji la uso kwenye kioo. Lilipita polepole. Kati ya kioo chake cha pembeni na pua yangu nafasi ilikuwa kama shubiri mbili.

Mabasi hayo sina ugomvi nayo. Mzazi mwenye uwezo akiiona njia ile, angefanya nini? Anamwondoa mtoto wake barabarani kwa kumpakia kwenye gari, na gari hilo linakuwa jingine la kuwabana ukutani waliobaki. Asubuhi ile yalipita manne kabla hatujafika juu.

Kisha tukaingia mahali ambapo, kwa macho ya mhandisi, ni pabaya kuliko pote. Lami haipo. Zege imeishia njiani, labda na bajeti ilipoishia. Barabara ni mashimo na mawe. Mtu anayejenga ghorofa amemwaga kokoto mpaka katikati. Kijiwe cha bodaboda kimechukua upande mmoja, upande mwingine kuna genge la nyanya na vitunguu, banda la chipsi lililofungwa, kibanda cha wakala wa pesa za simu, na mama wa vitumbua aliyekwishaweka chuma chake motoni na mabenchi mawili barabarani kabisa. Harufu ya mchele, iliki na mafuta ya moto ilitufikia kabla hatujamwona.

"Leo mmechelewa nyie," akawaambia watoto, bila kuinua macho kwenye chuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mdogo wenu kikohozi kimepona?"

Hapo ndipo nilipoona dada mtu ameachia mkono wa mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu tutoke bondeni. Walitawanyika. Wavulana waliviweka vidumu chini, wakakimbizana wakizunguka kokoto. Mdogo alikwenda kutazama vitumbua vikigeuzwa. Gari lililokuja lilikuja kwa mwendo wa mtu anayetembea, likipinda shimo moja baada ya jingine, na dereva alikuwa ameshusha kioo anasalimiana na watu. Bodaboda nao hawakuwa na pa kukimbilia. Watu wazima kama kumi walikuwa pale, kila mmoja na shughuli yake, na kila mmoja anawajua watoto hawa ni wa nani.

Nikaandika kwenye daftari: hapa mtoto yuko salama. Nikaipigia mstari, maana kwenye fomu yoyote ya kukagua barabara ningeambiwa niweke alama ya chini kabisa.

Hatua chache mbele, lami inaanza. Hii ni barabara ya mtaa iliyowekwa lami miaka ya karibuni, nyeusi, laini, ina mistari myeupe pembeni. Mageti ya nyumba zake ni makubwa na mabougainvillea yamemwagika juu ya kuta. Pesa ilitumika hapa na inaonekana. Nikapima: mita sita za lami, kisha mstari mweupe, kisha sentimita 45 za ukingo, kisha mtaro. Njia ya waenda kwa miguu haipo. Hizo sentimita 45 ndizo njia, na katikati yake, kila umbali fulani, imesimama nguzo ya umeme. Mtoto akiifikia nguzo anashuka kwenye lami, anaizunguka, anarudi.

Mikono ilishikana upya. Mazungumzo yakakoma. Wakajipanga mstari mmoja, dada mbele, mdogo wa pili, wavulana nyuma, wanatembea upande wa kulia ili magari ya upande wao yawajie usoni. Nani aliwafundisha? "Mwalimu," akasema dada, bila kugeuka.

Tatizo la lami ile ni kwamba inateremka. Bodaboda akitokea juu huzima injini kuokoa mafuta, akauacha mteremko ufanye kazi. Pikipiki inakuja kimya, kwa kasi, na watoto hawa ambao kwenye zege masikio yao yaliwahi gari kabla ya macho yangu, hapa masikio hayawasaidii. Mmoja alitupita hivyo, mshikaki: dereva na wanafunzi watatu nyuma yake, wa mwisho amekalia chuma cha kubebea mizigo, begi linapepea. Nilichosikia ni upepo tu.

Wakazi wamejaribu. Mahali pawili wamejenga tuta la kienyeji, kifusi na saruji, halina rangi wala alama. La kwanza bado lipo. La pili magari yamelisaga, limebaki alama tu, na pembeni mwenye pikipiki amejipatia upenyo wa kupita bila kupunguza mwendo, upenyo ambao uko palepale kwenye sentimita 45 za watoto.

Tulifika barabara kuu kukiwa kumepambazuka.

Ukitokea mtaani, kwanza unaisikia. Ni ngurumo isiyokatika, na ndani yake breki za upepo za malori, honi za daladala na makonda wanaoita Mbezi, Kibaha, Kariakoo. Kisha unaiona. Kutoka Kimara kwenda Kibaha barabara ya Morogoro imepanuliwa kuwa ya njia nane, na ukiwa umesimama ukingoni upande wa pili unaonekana kama mtaa mwingine kabisa. Hii ndiyo njia ya mzigo wa bandari. Malori ya Zambia, ya Kongo, ya Rwanda na Burundi yote hupita hapa, na saa ile mabasi ya mikoani yalikuwa yanatoka stendi kuu ya Mbezi. Kuna moshi wa dizeli unaouonja ulimini.

Nilimpima mtoto kwa gurudumu la lori lililokuwa limeegeshwa. Utosi wake ulizidi ukingo wa juu wa tairi kwa kiganja kimoja. Dereva aliyekaa kwenye kichwa cha lori lile, mita zaidi ya mbili juu ya ardhi, hawezi kumwona akiwa mbele kabisa ya bampa. Naye mtoto haoni kilicho nyuma ya lori mpaka awe ameshatoka.

Nikafanya hesabu, maana hapa hesabu ndiyo inayosema zaidi kuliko mimi. Chukua kila njia mita tatu na nusu. Njia nne za kwanza, hadi kwenye kisiwa cha katikati, ni mita 14. Mtoto wa umri ule akitembea bila kukimbia huenda kama mita moja kwa sekunde, basi sekunde 14. Sheria ya Tanzania inataka gari lisizidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, na gari la kasi hiyo linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Zidisha. Gari lililo umbali wa mita 195 wakati mtoto anaweka mguu kwenye lami, kama halitapunguza mwendo, litafika kivukoni naye ndiyo kwanza anamaliza. Hiyo ni sawa na viwanja viwili vya mpira vilivyounganishwa. Anapaswa kutazama umbali huo, akadirie kasi ya kila gari kwenye njia nne, kisha aamue. Na hao ni madereva wanaofuata sheria. Kwa kilomita 80 kwa saa umbali unakuwa zaidi ya mita 310, na hapo tuliposimama mgongo wa kilima unaficha barabara kabla ya kufika huko. Watoto wa darasa la kwanza hawajafundishwa kuzidisha. Hata kukadiria kasi ya kitu kinachowajia moja kwa moja macho yao bado hayajaweza, na hakuna wimbo wa "kulia, kushoto, kulia tena" utakaowapa uwezo huo.

Duniani kote ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mawaziri waliokutana Stockholm Februari 2020 walikubaliana kwamba pale watu na magari yanapochangamana mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Sababu yake ni ya mwili tu: anayegongwa kwa kasi hiyo ana nafasi kubwa ya kupona, na kasi ikifika 50 nafasi hiyo inaporomoka. Sikuona kibao cha 30 pande zote nilizotazama.

Kivuko kipo. Michirizi ya pundamilia imefifia katikati, pale matairi yanapopita, na imebaki myeupe pembeni. Na kwenye kivuko walikuwapo wenyewe: wanafunzi wawili wa doria, wasichana wa darasa la saba, wamevaa vizibao vya rangi ya machungwa vinavyong'aa, mmoja ana kibao chekundu cha mviringo kilichopachikwa kwenye mpini wa fagio, kimeandikwa SIMAMA kwa rangi ya mkono. Kundi lilikuwa limeshafika watoto kama arobaini. Waliendelea kuongezeka, wanasukumana, vidumu vinagongana.

Msichana mwenye kibao hakukimbilia. Aliyatazama magari kwa muda mrefu, muda uliomfanya kondakta mmoja aliyekuwa jirani anicheke kwa nilivyokuwa nabadilisha mguu. Kisha akatoka. Daladala ya njia ya kwanza ikasimama. Lori la njia ya pili likapiga breki, likapumua, likasimama. Yeye akasogea mpaka mbele ya lori, akanyoosha shingo kuchungulia njia ya tatu, na hapo akaganda, mkono nyuma, kiganja wazi, watoto wote wamesimama. Gari dogo jeupe likapita mbele yake. Halikuwa limeona kwa nini lori limesimama, au liliona likadhani limeharibika. Akachungulia tena. Njia ya tatu ikasimama, ya nne ikasimama, na kiganja kikageuka kuita.

Walivuka kwa mwendo wa haraka wa kukaza magoti, maana wamekatazwa kukimbia. Mdogo wetu alikuwa katikati ya wenzake na sikumwona, niliona sehemu ya begi tu. Kwenye kisiwa cha katikati walijibana, arobaini na ushee juu ya zege yenye upana wa hatua mbili zangu, na msichana wa pili akaanza kazi ileile upande wa pili. Ana miaka kumi na tatu, labda kumi na minne. Kazi anayoifanya hufanywa na taa za kuongozea magari mahali pengine.

Kituoni nyuma yetu kulikuwa na kundi jingine, wanafunzi wa sekondari waliokuwa wanajaribu kupanda daladala. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, na siti hiyohiyo mtu mzima anailipia zaidi. Konda hukaa mlangoni akawahesabu: wawili tu, wawili tu. Waliobaki huanza kutembea kando ya barabara kuu. Nilitazama wakiondoka. Mahali walipopita pana njia nzuri ya matofali, ambayo baada ya mita mia inamezwa na vitanda vya mitumba, halafu pikipiki zinazooshwa, halafu magari ya kukodi.

Shule yenyewe iko karibu, ng'ambo. Geti linafungukia moja kwa moja kwenye barabara ya huduma, na mtoto anayetoka mbio ana hatua nne kabla ya kukutana na bajaji. Lakini ndani ni kwingine. Miembe mitatu, uwanja wa vumbi, vidumu vinamwagiwa mashina ya maua, mafagio yanafanya kazi kwa sauti moja. Dada mtu alimkabidhi mdogo wake kwenye mstari wa darasa la kwanza, akamkagua sketi, akapangusa alama ya tope kwa mate na kidole gumba, akaenda zake. Nikatazama saa. Tangu mlangoni kwao dakika 52 zilikuwa zimepita. Kwa ramani ni kilomita moja na nusu hivi.

Mwalimu wa zamu alinipa kiti chini ya mwembe. Nikamweleza ninachotafuta, nikamsifia wasichana wa doria.

"Asubuhi si tatizo," akasema. "Njoo mchana."

Nilikuwa sijafikiria mchana. Darasa la kwanza wanatoka mapema, kabla hata ya saa sita. Dada yuko darasani mpaka saa nane au zaidi. Wasichana wa doria nao wana mtihani wa taifa mwaka huo, hawawezi kutolewa kwenye kipindi kila mara. Kwa hiyo kikosi kilichokuja asubuhi kimeshikana mikono kinarudi kimekatika: wadogo peke yao, jua kali, na barabara iliyofunguka. Foleni ya asubuhi hupunguza mwendo. Saa tano na nusu foleni hakuna, na malori yanateremka kilima yakiwa na nafasi.

Kengele ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Ilipogongwa, walitoka wote kwa mkupuo. Mdogo wetu alikuwa na wenzake sita, mashati yametoka kiunoni, wanalamba barafu ya shilingi mia. Niliwafuata kwa mbali, nikajizuia nisiingilie, ingawa nilikuwa nimeshaamua kwamba ikibidi nitaingilia. Hawakwenda kivukoni. Walikwenda moja kwa moja mpaka kwenye banda la mama anayekaanga mihogo, hatua kumi kabla ya kivuko, wakasimama mbele ya karai, kimya, bila kununua.

"Mko wangapi?" akauliza.

"Saba."

"Mwenzenu wa jana yuko wapi, yule wa meno?"

"Anaumwa."

Akavuta kuni mbili nje ya jiko ili mafuta yasiungue. Nikamuuliza, kwa siku anavusha makundi mangapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa amepumua mara ngapi. "Wakija navusha. Mihogo ikiungua hasara yangu. Hao wenye barabara wanajua?" Kwamba angelipwa kwa hilo lilikuwa halijampitia kichwani, au lilishampitia akaliacha. Akajifunga kanga upya, akashika mwiko wa chuma wenye mpini mrefu, akashuka kwenye lami akiwa nao juu, mafuta bado yanadondoka.

Njia ya kwanza ilisimama. Ya pili ikasimama. Kwenye njia ya tatu daladala ililetwa mpaka karibu kabisa, dereva akaminya honi, na konda akatoa kichwa dirishani akamwuliza kama barabara ni ya kwao. Alimjibu. Alimjibu kwa sauti iliyowafikia waosha pikipiki, ambao walipiga miluzi, na kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa, huku mwiko ukiwa umenyooka kwenye kioo cha mbele na wale saba wakipita chini ya kwapa lake mmoja mmoja.

"Twendeni, twendeni, msisimame," akawaambia, "mafuta yangu yako motoni."